Mkubwa Atangulie Kujibu

Nchi yenyewe ipo, msinione naota. Ina bendera, ina wimbo, ina mabalozi wanaosinzia mikutanoni kama mabalozi wa kwenu. Wachora ramani ndio hawajapata kibali cha kuichora, kwa kuwa ofisa wa kutoa kibali hicho alikwenda semina na mpaka leo hajarudi. Inaitwa Kwetupazuri. Na kama wewe msomaji unaishi mahali panapofanana nayo, hiyo ni shauri yako, usije ukanitia mimi maneno kinywani.

Watu wa Kwetupazuri wana adabu moja inayowapita walimwengu wote, nayo wanaiita Kutangulia. Maana yake, mkubwa hutangulia. Chakula kikiandaliwa, mkubwa hutia mkono kwanza. Mzaha ukitolewa, hakuna anayecheka mpaka mkubwa aonyeshe jino. Akiulizwa mtu saa ngapi naye ana saa mkononi, kwanza atazungusha macho kuona kama pana mkubwa mwenye maoni. Aliwahi kufariki karani mmoja wa wilaya, mtu mwema, aliyependwa na wengi. Siku ya maziko mkuu wa wilaya akachelewa. Wafiwa wakakaa wameuma midomo, mjane amejikaza kisabuni, jeneza linangoja juani, mpaka gari la mkubwa likafika, naye akashuka, akatoa leso, akalia kidogo. Hapo ndipo watu wakaangua kilio. Wageni kutoka nje walilishangaa jambo hilo, lakini wageni nao wana adabu gani ya kutufundisha?

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke mmoja, Sajini Mwantumu, mkufunzi wa kikosi cha zimamoto. Alikuwa na sauti ya kuamsha kambi nzima, na moyo laini kuliko alivyotaka watu wajue. Alifundisha makao makuu, ambako hakuna moto mwingi, kwa sababu moto wa Kwetupazuri hupenda mikoani, mbali na walimu. Huko mikoani ndiko alikopelekwa Konstebo Shomvi, mwajiriwa mpya, kabla hajamaliza hata robo ya mafunzo, eti nafasi ilikuwa wazi na gari lilikuwa linaondoka.

Siku moja Shomvi na wenzake wakaitwa kwenye mgahawa. Jikoni karai la mafuta ya kukaangia lilikuwa linawaka. Shomvi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu asiyefundishwa angelifanya: akanyakua ndoo akamwaga maji. Sasa maji na mafuta ya moto havipatani. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka kufumba na kufumbua, na hapo huyarusha mafuta juu yakiwa yanawaka vilevile. Yalipanda hadi darini, na kutoka darini yakamshukia Shomvi mikononi na shingoni.

Mwantumu alikwenda kumtazama hospitali. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji, kwa hiyo akachukua bakuli la uji akamlisha kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na wote wawili waliona haya. Uji ulipokaribia kwisha, Shomvi akauliza angefanyaje.

"Ungezima jiko, ukafunika karai," Mwantumu akasema.

"Basi?"

"Basi."

"Kifuniko tu, afande?"

Mwantumu aliweka bakuli chini. Alitoka nje ya wodi, akasimama ukutani, akalia bila kungoja mkubwa yeyote atangulie, na hilo lenyewe lilikuwa kosa la kinidhamu. Akaapa pale pale kwamba hakuna askari mwingine atakayeungua kwa kukosa kuambiwa habari ya kifuniko.

Walimu hawakutosha mikoani, lakini simu kila askari alikuwa nayo. Mwantumu akashirikiana na Elisante, fundi wa kompyuta wa kikosi, wakatengeneza kozi ya mtandaoni: masomo mafupi, picha, maelezo. Ila aliwajua watu wake. Askari angefungua somo huku anatazama mpira, asogeze kidole hadi mwisho, aseme amesoma. Somo bila swali ni maji kwenye pakacha. Akataka kila somo lifuatwe na chemsha bongo, simu yenyewe imuulize mtu, mtu ajibu, simu imwambie papo hapo kama amepata au amekosa, na akikosa imweleze kwa nini. Alitunga maswali mengi, lakini moja alilipenda kuliko yote, nalo aliliita Swali la Karai. Mafuta yanawaka katika karai, utafanya nini? A, utamwagia maji. B, utazima jiko na kufunika karai. C, utalibeba karai ukimbie nalo nje. Kwake kozi nzima ilikuwa ni swali hilo, mengine yote yalikuwa wasindikizaji.

Kwa bahati mbaya, kuuliza swali ndani ya serikali ya Kwetupazuri kunahitaji kibali. Akaenda Wizara ya Moto, Mafuriko na Furaha ya Umma.

Wizara ilifurahi sana, kama jina lake linavyoitaka. Ikaunda Kamati ya Kitaifa ya Kuchagua Namna ya Kuuliza, ikaipeleka kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, kwa sababu fikra nzito haziji ofisini kwenye makelele ya wananchi. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu, Bwana Kasembe, mnene wa maneno na mwembamba wa maana, ambaye hakuwahi kusema "ndiyo" pale ambapo angeweza kusema "kimsingi na kwa mapana yake". Ukutani nyuma yake walitundika methali kwa herufi za dhahabu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Korosho zilikuwapo, sambusa zilikuwapo, na posho ilikuwapo, kwa hiyo kamati haikuwa na haraka hata kidogo.

Elisante akaeleza namna za kuuliza. Ya kwanza ilikuwa rahisi: simu inaandika sentensi, mtu anajibu kama ni kweli au si kweli. Mjumbe wa Idara ya Usalama wa Hisia za Umma akaweka chini sambusa yake. Akataka kujua kama alisikia sawasawa, kwamba chini ya nembo ya taifa yataandikwa maneno "si kweli". Elisante akasema ndiyo, sentensi nyingine ni lazima ziwe za uongo, ndiyo mtihani. Mjumbe akauliza ni ofisa gani atakayetia sahihi sentensi ya uongo, maana tangu nchi ipate uhuru serikali haijawahi kuandika jambo lisilo kweli hata moja. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uzito. Ikapendekezwa mtu achague baina ya Kweli na Kweli Zaidi, na pendekezo hilo lilikula siku nzima kabla ya kufa.

Namna ya pili, mtu kuandika jibu kwa maneno yake mwenyewe, haikujadiliwa. Ilitajwa tu, na mama mmoja wa Idara ya Itifaki akaomba maji ya kunywa.

Ikaja ya tatu, ile ya Mwantumu: majibu kadhaa, mtu achague moja. Hapa palichimbika. Mjumbe yule wa Hisia za Umma akasimama, akakumbusha kwamba karatasi ya kura ya Kwetupazuri ina jina moja na nafasi ya kutoa shukrani, na kwamba utaratibu huo umeipa nchi amani. Ukimzoesha mwananchi kuchagua kati ya matatu kwenye simu, akasema, kesho atafika kwenye kituo cha kura aulize B iko wapi.

Mwantumu alikuwa amekaa pembeni muda wote huo. Alinyanyua mkono akasema kwamba yeye haombi uchaguzi, anaomba mtu asiungue. Kumbukumbu za kikao zikaandika: "mchango wa kihisia, umepokelewa."

Pengine wangekuwa hotelini mpaka leo, ila siku ya nne au ya tano Waziri mwenyewe alipita kula chakula cha mchana. Jina lake kamili ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima, Mhandisi wa Heshima, Jaji wa Heshima Chande Mbarapi. Aliwahi kusomea kazi moja tu kati ya hizo, nayo ikamshinda. Akauliza wanabishania nini. Walipomweleza, akasema huku anatafuna kwamba yeye shuleni alipenda maswali ya A, B na C, kwa kuwa hata usipojua unaweza kupata. Kamati nzima ikagundua wakati huohuo kwamba hata yenyewe ilikuwa na maoni hayo tangu mwanzo.

Mwantumu alirudi nyumbani anaimba. Masikini, hakujua.

Uzinduzi ulifanyika mbele ya kamera za televisheni. Simu ya Elisante iliunganishwa na skrini kubwa ukumbini, na Waziri akaalikwa ajibu swali la kwanza ili taifa lione. Mwantumu ndiye aliyeomba swali hilo liwe la karai. Alitaka lionwe na watu wengi, na tuseme ukweli, alitaka na yeye aonwe kidogo.

Waziri akasoma, akatabasamu kwa kamera, akabonyeza A.

Skrini ikawa nyekundu. Ikatoa sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni, na herufi kubwa zikajipanga: Si sahihi. Ukimwagia maji utachoma watu. Jaribu tena.

Waziri akasema simu haikumsikia vizuri, akabonyeza A tena. Simu ikamjibu vilevile. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, akiiegemea, na simu, kwa kuwa haikulelewa Kwetupazuri, ikarudia neno lake bila hata kubadilisha sauti. Hapo Bwana Kasembe akarukia jukwaani, akafungua koti lake pande zote mbili, akaifunika skrini kwa mwili wake. Mwantumu alimtazama, akawaza kwamba kumbe kufunika wanakujua.

Taarifa ya habari ilieleza kwamba Mheshimiwa Waziri amegundua kasoro kubwa katika simu zinazotoka nje ya nchi. Simu yenyewe ilichukuliwa mahabusu.

Kesho yake ukatoka Waraka wa Kutangulia. Ulisema hivi, nami naufupisha kwa kuwahurumia: hakuna swali litakaloulizwa kwa mtumishi wa umma kabla halijajibiwa na Waziri, na jibu la Waziri ndilo sahihi. Huo, ulisema waraka, ndio ushirikishwaji wa kweli: mkubwa anajibu, wadogo wanashirikiana naye. Maswali yote ya kozi yakapelekwa kwa Mheshimiwa. Aliyajibu ndani ya gari akienda kwenye harusi ya mpwa wake. Yote aliyajibu A, kwa kuwa ndiko kidole gumba chake kilikofika bila kusumbuka.

Mwantumu aliposikia alikwenda wizarani moja kwa moja, hata kofia ameiacha. Bwana Kasembe alimpokea kwa chai na kwa sauti ya upole. Akamwambia kwamba kimsingi na kwa mapana yake kozi imepita na yeye apongezwe. Mwantumu akasema maswali mengine wayafanye wanavyopenda, wayapake hata rangi, lakini lile la karai walirudishe.

"Ni moja tu, mzee wangu. Mengine chukueni."

"Hilo moja ndilo aliloulizwa mbele za watu, mwanangu."

"Watu wataungua."

Bwana Kasembe akakoroga chai yake muda mrefu. Akasema kuungua ni suala la kitabibu, na wizara ya afya ipo. Kisha akafungua droo ya meza, akatoa nyota mpya za bega, zile za inspekta, akaziweka juu ya meza kati yao. Akasema kozi kubwa namna hii haiwezi kusimamiwa na sajini. Akasema pia, kwa upole uleule, kwamba kuna kituo kisiwani ambako hakuna nyumba wala moto, wanahitaji mkufunzi huko, na aliyetangulia alizeeka akingoja boti.

Hewala haigombi. Ndivyo walivyofunzwa wote tangu utotoni, na ndivyo Mwantumu alivyojiambia akishuka ngazi na nyota mfukoni. Alijiambia mengi siku hiyo. Kwamba askari ni watu wazima wana macho yao. Kwamba akiwa inspekta atapata nafasi ya kulirekebisha polepole. Kwamba hata hivyo somo lenyewe bado linasema funika, swali tu ndilo linalosema maji, na mwenye akili atajua lipi ashike. Hilo la mwisho alilirudia zaidi, kwa kuwa ndilo lililokuwa na matundu zaidi. Wiki iliyofuata wizara iliondoa somo, ili lisigombane na swali.

Kozi ikaenea nchi nzima kama upele. Askari waligundua mapema kwamba majibu yote ni A, wakawa wanaimaliza wakiwa foleni ya mkate. Mtu angeulizwa mhanga abebwe vipi, A. Gari la moto liegeshwe wapi, A. Yule aliyekosea kwa bahati mbaya kidole kikateleza, simu ilimwandikia kwa rangi ya kijani: Hongera kwa kukaribia. Magazeti yakaandika kwamba hakuna kikosi duniani chenye ufaulu kama huu, na kweli hakikuwapo.

Aliyefeli alikuwa mtu mmoja tu.

Shomvi alikuwa ametoka hospitali. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, havikunjuki sawasawa, akibonyeza simu kwa fundo la kidole. Alipofika kwenye Swali la Karai alibonyeza B. Simu ikampongeza kwa kukaribia, ikamtaka arudie. Akabonyeza B. Alifanya hivyo juma zima, mpaka jina lake likajitokeza makao makuu peke yake kwenye nyekundu, na mkubwa wake akamwita kumuuliza kama ana matatizo nyumbani. Shomvi akapanda basi akaja mjini kwa Mwantumu.

Alimkuta ofisini, nyota mpya mabegani. Alisimama, akapiga saluti kwa mkono ule uliokunjamana, na Mwantumu akaangalia dirishani.

"Afande, wewe ndiye uliyeniambia funika."

"Najua nilichokuambia."

"Sasa mbona simu inakataa?"

Mwantumu angeweza kumweleza. Alikuwa na maneno yote: waraka, kisiwa, boti, Kasembe na chai yake. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, ile ya kuamsha kambi, ikitoka nyororo kama ya Katibu Mkuu. Akamwambia abonyeze A tu, apate cheti, maana bila cheti atafukuzwa kazi, na kwa mikono ile nani atamwajiri tena? Moyoni anajua la kufanya, basi inatosha, cheti ni karatasi tu.

Shomvi hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Mwantumu. Akasema tu kwamba hataweza, afande, kidole kinakataa kwenda huko, akaaga kwa heshima akaondoka.

Basi ikatangazwa Siku ya Ufaulu wa Taifa. Askari wote waliofaulu, maana yake wote ila Shomvi, walileta wawakilishi wao ukumbini, wamevaa sare zilizopigwa pasi, mkono mmoja cheti na mkono mmoja ndoo mpya nyekundu, zawadi kutoka wizarani. Kila ndoo ilijazwa maji ili ipendeze kwenye picha. Shomvi alifika pia, lakini aliyefeli hakuruhusiwa kuingia, akawekwa getini, mahali ambapo milango ya ukumbi ikiwa wazi mtu anaona mpaka nyuma.

Na nyuma ya ukumbi, karibu kabisa na pazia, wapishi walikuwa wanakaanga sambusa. Kwa kawaida jiko hukaa nje, ila Mheshimiwa hapendi sambusa iliyopoa, na mkubwa hutangulia kula. Karai lilikuwa pana kama la kuogeshea mtoto, mafuta yamejaa, moto wa gesi unaunguruma.

Waziri akahutubia. Alisema zamani nchi hii ilikuwa na wajinga, lakini wajinga wamekwisha. Alisema moto ukisikia jina la Kwetupazuri sasa utatetemeka. Alitua, akatazama watu, akacheka, na ukumbi mzima ukacheka. Mpishi wa sambusa naye akageuka ili aonekane anacheka, maana mtu asiyecheka hukumbukwa. Akiwa amegeuka, mafuta yakashika moto.

Mwantumu ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa amesimama nyuma kama mratibu wa kozi, kando ya sufuria kubwa za pilau, na aliuona mwali wa kwanza ukinyanyuka kutoka karaini, mdogo, wa buluu chini na manjano juu. Mwili wake ulijua. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko cha sufuria ya pilau, kifuniko kipana, kizito, kilichokuwa kinatosha karai lile kana kwamba kilifuliwa kwa ajili yake. Alikinyanyua. Hatua moja tu ilibaki.

Ukumbi ukageuka. Na ukumbi mzima, askari, maofisa, wapiga tarumbeta, kwa mazoea ya maisha yao yote, ukageuka tena upande wa pili kumtazama Waziri. Ameuona? Anasemaje?

Mwantumu naye akageuza kichwa.

Sijui niseme nini hapa. Mwanamke aliyetunga swali, aliyelia ukutani mwa hospitali, ambaye hakuna mtu katika nchi ile aliyelijua jibu kumshinda, alisimama na kifuniko mkononi akamtazama Chande Mbarapi, akingoja atangulie. Haikuwa muda mrefu. Ilikuwa kiasi cha mtu kumeza mate. Moto hauna adabu ya kungoja hata kiasi hicho, ukaramba pazia.

"Maji," akasema Waziri, kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

Mstari wa mbele ulikuwa na ndoo tayari. Vijana wale walikuwa na alama zote, hakuna aliyekuwa na shaka. Wakamwaga wote kwa pamoja, vizuri sana, kama walivyofunzwa kupiga gwaride.

Yaliyofuata mnayajua, nimekwisha kuwaeleza maji na mafuta yanavyofanya. Niongeze tu kwamba milango ilikuwa wazi, na watu wengi wangetoka mapema wasiungue, lakini mkubwa hutangulia kutoka, na mkubwa alikuwa amevua kiatu chini ya meza ya heshima akawa hakioni. Watu walimngoja. Walisimama kwa mistari, nywele zinaungua, wamebana pumzi, mpaka Bwana Kasembe akakipata kiatu akamvisha. Ndipo wakakimbia.

Tume ya uchunguzi iliundwa, ikaenda kwenye hoteli ile ya ziwani. Ilitoa ripoti nene yenye picha ya Waziri kwenye jalada. Ilithibitisha kwamba jibu lilikuwa sahihi, kwamba vijana walilitekeleza kwa usahihi, na kwamba kosa lote lilikuwa la moto, ambao haukuwa umehudhuria kozi. Ikapendekeza moto nao uandaliwe kozi yake, yenye chemsha bongo, na mratibu wake awe Inspekta Mwantumu, apandishwe na cheo tena kwa utulivu wake siku ile. Maana tume ilipowauliza mashahidi nani hakukurupuka kabla ya mkubwa, wote walimtaja yeye.

Alikwenda wodini kuwaona vijana walioungua. Ilikuwa wodi ileile. Vitanda vilijaa, mpaka wengine walilazwa chini kwenye mikeka, bendeji mikononi na usoni, na kando ya mkeka mmoja alikuwa ameketi Shomvi, bakuli la uji magotini. Alikuwa anamlisha kijana mmoja wa mstari wa mbele. Kijiko kilimpa taabu kwa vidole vile, alikuwa amekibana kati ya viganja viwili, uji mwingine unamwagika, naye anaupangusa kwa kiwiko na kuanza upya.

Alimwona Mwantumu, akaweka bakuli chini, akainuka kupiga saluti. Mwantumu akamwambia akae. Hakukaa.

"Mimi nilikuwa getini," Shomvi akasema. "Nilianza kukimbia kuja. Kisha nikakuona umeshika kifuniko, nikatulia. Nikasema, afande yupo, hakuna atakayeungua." Akaitazama mikono ya Mwantumu. "Ulikuwa umekishika, afande. Ilikuwaje?"

Kijana wa kwenye mkeka naye akageuza uso wake uliofungwa bendeji, akingoja kusikia. Mwantumu akafungua kinywa. Na kabla neno halijatoka, shingo yake ikageuka yenyewe, akatazama mlangoni kuona kama kuna mkubwa yeyote wa kutangulia kujibu.